Kiasi cha Ukucha: Pambo, Udhu na Amana ya Mwili Kariakoo

Katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za ibada na miamala ya Kiislamu, kama inavyosomeshwa kwenye madrasa za pwani ya Afrika Mashariki ambako madhehebu ya Imamu Shafii ndiyo yaliyoenea, ukucha una hukumu mbili ambazo kwa mtazamo wa haraka zinaonekana kupingana. Anayetawadha analazimika kuufikishia maji kama anavyoifikishia ngozi, na ukibaki mkavu udhu wake haukutimia. Lakini mwanamume akiugusa ukucha wa mwanamke asiye maharimu wake, yaani mwanamke ambaye sheria inamruhusu kumwoa, udhu wake hautenguki, ilhali angeigusa ngozi ya kidole hicho hicho ungetenguka. Hukumu ya kwanza inauhesabu ukucha kuwa kiungo, na ya pili inauweka kando pamoja na nywele na meno, kwa sababu ambayo wanazuoni wa madhehebu hayo wameieleza waziwazi: vitu hivyo mtu huvifurahia kwa kuvitazama, si kwa kuvigusa. Ndani ya hukumu hizo mbili limo swali linalostahili kufikiriwa na kila mwenye dini na hata asiyekuwa nayo. Sehemu ya mwili isiyo na hisia, inayokatwa bila maumivu na kuota tena, na ambayo uzuri wake uko machoni pa watazamaji, je, ni mali ya mwenye nayo aifanye apendavyo, au ni sehemu ya amana ambayo ataulizwa jinsi alivyoitunza?

Swali hilo huulizwa kwa vitendo kila siku katikati ya jiji la Dar es Salaam. Katika mitaa ya Kariakoo kama Kongo, Mchikichi, Sikukuu na Aggrey, maduka ya jumla huuza rangi za kucha kwa dazeni, kucha za plastiki kwa pakiti, gundi iliyo katika vichupa vidogo na taa za kukaushia jeli, na bidhaa hizo huondoka hapo kwenda mikoani na nchi jirani. Kando ya maduka hayo, na hata ndani yake wakati biashara imepoa, hupita wapaka rangi, wengi wao vijana wa kiume waliobeba vikapu vya plastiki vilivyojaa vichupa, ambao humfuata mteja alipo: muuza vitenge nyuma ya meza yake, mama lishe aliyemaliza kuosha masufuria, mwanafunzi anayesubiri daladala. Kazi yenyewe ina mpangilio unaojulikana. Mguu hulowekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisigino kikasuguliwa kwa jiwe, kijingozi kilichoshikamana na shina la ukucha kikasukumwa nyuma kwa kijiti cha chuma na kilichozidi kikakatwa kwa mkasi mdogo, uchafu wa pembeni ukachokonolewa, ukucha ukapigwa msasa, ndipo rangi ikapakwa mara mbili au tatu. Mteja akilipa na kuondoka, mara nyingi kijiti, mkasi na msasa huo huo humhudumia anayefuata. Misikiti ya Mtoro, Manyema na Idrisa iko hatua chache kutoka hapo, na adhana ya adhuhuri huwakuta wengine mikono ikiwa bado mibichi kwa rangi.

Kabla ya kuijia hukumu ni lazima kukifahamu kiungo chenyewe, kwa kuwa hukumu nyingi hupotoka pale msemaji anapokizungumzia kitu asichokijua. Bamba gumu linaloonekana kwenye ncha ya kidole limetengenezwa kwa keratini, protini ile ile iliyomo kwenye nywele na kwenye kwato za wanyama, na chembe zake zimekwisha kufa. Ndiyo maana halitoi damu wala haliumi likikatwa. Hata hivyo bamba hilo huzaliwa na tishu hai iliyofichwa chini ya ngozi ya shina la ukucha, na hulalia nyama iliyojaa mishipa ya damu na ya fahamu. Kijingozi ambacho mpaka rangi hukisukuma na kukikata kina kazi yake: huziba mwanya kati ya ukucha na ngozi ili maji, vijidudu na fangasi visipenye hadi kwenye shina. Ukucha wa mkono huota kiasi cha milimita 3 kwa mwezi, na ule wa mguu kiasi cha nusu ya kasi hiyo, kwa hiyo jeraha lililotokea kwenye shina la ukucha wa mkono huchukua karibu miezi 6 kufika kwenye ncha na kuondoka, na la dole gumba la mguu huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Kati ya kosa na ushahidi wake, basi, hupita muda mrefu, na ukucha ulio mwembamba na wenye mikunjo leo unaweza kuwa unasimulia jambo lililofanywa kabla ya Ramadhani iliyopita.

Jambo hili lina uzito wa kifalsafa kuliko linavyodhaniwa. Maumivu ni mlinzi wa kwanza wa mwili, na kiungo kinachouma hakihitaji wakili. Jino likioza mwenye nalo hatalala hadi alishughulikie. Bamba la ukucha halina mlinzi huyo. Laweza kukwaruzwa hadi libaki jembamba kama karatasi, kulowekwa kwenye asetoni, kufunikwa kwa plastiki wiki baada ya wiki, na lisiseme chochote mpaka madhara yafike kwenye nyama iliyo hai. Kwa sababu hiyo ulinzi wa ukucha hauwezi kuachiwa hisia. Umebaki mikononi mwa elimu na dhamiri, na hapo ndipo dini inapoingia kwa haki kabisa.

Mjadala mkubwa wa kidini kuhusu kucha katika mitaa hii unahusu maji. Aya ya 6 ya Surat al-Maida imeamrisha kuosha uso, mikono hadi viwiko viwili, kupaka kichwa na kuosha miguu kabla ya sala, na katika mkusanyo wa hadithi uitwao Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mahali kiasi cha ukucha kwenye mguu wake bila kupata maji, na Mtume Muhammad (S.A.W.) alipomwona akamwamuru arudi akatawadhe vizuri. Kipimo kilichotumika katika upokezi huo ni ukucha wenyewe, yaani kitu kidogo ambacho macho ya wengi yangekiruka. Juu ya msingi huo Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alifafanua katika kitabu chake Al-Majmu' kwamba nta, unga uliokandwa au hina iliyoganda juu ya kiungo ikayazuia maji hubatilisha twahara, lakini ikiwa kilichobaki ni athari ya hina na rangi yake tu, bila mwili wa hina wenyewe, udhu ni sahihi. Wanazuoni wakalizungumzia hata vumbi linalokaa chini ya ukucha. Al-Mutawalli aliona kwamba linabatilisha, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaona katika kitabu chake Ihya kwamba linasamehewa kwa sababu watu hawawezi kuliepuka.

Ufafanuzi huo wa Nawawi wa karne ya 13 unalingana kikamilifu na maelezo ya kemia ya leo. Majani ya mhina yana kiasili cha rangi kiitwacho losoni, ambacho hupenya na kujifunga kwenye keratini yenyewe, kwa hiyo ukucha uliotiwa hina hubadilika rangi bila kuongezewa tabaka, na maji huugusa kama kawaida. Rangi ya kichupa hufanya kazi kwa njia tofauti: ni utando wa nitroselulosi na utomvu vilivyoyeyushwa katika vimiminika vinavyoruka hewani, na vikishakauka hubaki ngozi ya plastiki iliyokaa juu ya ukucha. Kucha za kubandika na za jeli ni tabaka nene zaidi. Kwa mizani ya Nawawi, hina ni rangi, na vya Mtaa wa Kongo ni vizuizi, na ndiyo maana masheikh wengi wa Dar es Salaam na Zanzibar hufundisha kwamba anayetaka kusali aiondoe rangi kwanza, na kwamba kinachofaa kwa mwanamke aliye katika hedhi, wakati ambao hasali, hakifai akiwa katika twahara. Mafundisho hayo ni sahihi kwa msingi wake, ijapokuwa yamezaa jambo moja la kusikitisha katika mitaa, kwamba rangi ya kucha imegeuka tangazo la siri ya mwanamke, na wapo wasichana wanaochagua kutopaka kabisa ili watu wasihesabu siku zao.

Wafanyabiashara waliliona pengo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni ya Inglot ya Poland ilileta rangi iliyoelezwa kuwa hupitisha hewa na mvuke, na wengine wakafuata kwa bidhaa zilizoandikwa kuwa zinafaa kwa udhu. Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa kuosha katika fiqhi ni maji kutiririka juu ya kiungo, na mvuke kupenya utando kwa muda mrefu ni jambo jingine. Majaribio ya nyumbani ya kudondosha tone juu ya karatasi iliyopakwa rangi hayathibitishi kwamba maji yameuosha ukucha wa mtu anayetawadha kwa dakika moja, na muumini anayejali sala yake ana sababu nzuri ya kutoiegemeza juu ya maandishi ya kwenye boksi.

Lakini mjadala wa maji, pamoja na usahihi wake, umeachwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye madhara. Anapoambiwa aondoe rangi kabla ya kila sala, mwanamke huondoaje? Rangi ya kawaida huondolewa kwa asetoni, ambayo hunyonya mafuta na unyevu wa ukucha na wa ngozi iliyouzunguka. Ikitumika mara moja moja hudhuru kidogo, na ikitumika kila siku huufanya ukucha uwe mkavu, uchanike matabaka na ukatike kwenye ncha. Jeli ni ngumu zaidi. Imetengenezwa idumu wiki mbili hadi tatu, na kuiondoa ipasavyo kunahitaji kuipunguza kwa msasa na kuifunga kwa pamba yenye asetoni kwa dakika 10 hadi 15, jambo ambalo hakuna muuza duka wa Kariakoo anayeweza kulifanya kati ya adhana na ikama. Matokeo yake ni mawili tu: ama sala zinaachwa kwa wiki mbili, ama jeli inabanduliwa kwa nguvu kwa kijiti au kwa meno, na inapobanduka huondoka na matabaka ya juu ya ukucha wenyewe. Sheikh aliyetoa fatwa ya kuondoa hakukusudia hivyo, na msichana aliyeitii hakukusudia kujiumiza, lakini fatwa iliyotolewa bila kukijua kiungo imefika mahali ambapo utii unauchana mwili. Swali la madhara kwa hiyo haliwezi kusubiri nje mpaka swali la maji liishe. Liko ndani yake, na anayejibu moja bila jingine hajajibu.

Msingi wa kulijibu upo tayari katika misingi ya sheria. Ghazali katika kitabu chake Al-Mustasfa alizitaja nguzo tano ambazo sheria imekuja kuzilinda, nazo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali, na Imamu Shatibi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1388, akayapanga maslahi katika ngazi tatu: ya dharura, ambayo bila hiyo maisha huharibika, ya haja, inayoondoa uzito, na ya mapambo, inayoyafanya maisha yapendeze. Ngazi ya tatu si haramu wala si ya kudharauliwa. Aya ya 31 na ya 32 za Surat al-A'raf zimewaamrisha wanadamu wajipambe waendapo kwenye ibada na zikamkemea anayeliharamisha pambo ambalo Mungu amewatolea waja wake, na wanawake wa pwani wamepaka hina harusini na sikukuu kwa vizazi vingi bila kuona haya. Shatibi alichosisitiza ni utaratibu, kwamba pambo likigongana na kilicho chini yake, yaani uzima wa mwili, pambo ndilo linalopisha. Hapo huungana kanuni mashuhuri inayotokana na hadithi ya Mtume, kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenzake, na inafaa kukumbuka kwamba nusu ya pili ya kanuni hiyo inamhusu muuzaji na mpaka rangi kama nusu ya kwanza inavyomhusu mteja.

Kwa upande wa Kikristo, ambao una waumini wengi katika mitaa hii hii, mahubiri juu ya kucha hutegemea zaidi Waraka wa Kwanza wa Petro 3:3-4, unaowataka wanawake watafute uzuri wa moyo kuliko wa nje, na hivyo suala huishia kwenye ubatili na unyenyekevu. Andiko lenye nguvu zaidi kwa jambo hili ni lile la Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho 6:19-20, ambako Paulo anawaambia waumini kwamba mwili ni hekalu na kwamba wao si mali yao wenyewe. Kutoka hapo hadi kwenye amana ya Waislamu hakuna umbali mkubwa, na ni ajabu kwamba mimbari na madhabahu za Kariakoo hazijalitumia fungu hilo la pamoja kuzungumza kwa sauti moja.

Upo upinzani ambao haufai kupuuzwa. Mtu anaweza kusema kwamba ukucha ni wake, kwamba madhara yenyewe ni madogo, na kwamba wanaume wanaohangaika na vidole vya wanawake wangeanza na mambo makubwa zaidi. Hoja hiyo ina asili ya kuheshimika. John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, alishikilia kwamba juu ya mwili na akili yake mwenyewe mtu ndiye mtawala, na jamii haina haki ya kumlazimisha kwa faida yake. Hata hivyo Mill mwenyewe alikubali kwamba mtu anayetaka kuvuka daraja bovu bila kujua ubovu wake anaweza kuzuiwa bila kuvunjiwa uhuru, kwa sababu hakutaka kutumbukia mtoni, na alikubali pia kwamba chupa ya sumu inafaa kuandikwa kuwa ni sumu. Ridhaa bila habari ni jina tupu. Mteja wa Mtaa wa Sikukuu anaponyoosha mkono wake, anachokiridhia ni rangi nyekundu. Hajaelezwa kilichomo ndani ya kopo.

Kilichomo si kitu chepesi. Unga na kimiminika vinavyochanganywa kutengeneza kucha ngumu ni vya jamii ya methakrilati, na kimojawapo, methili methakrilati, kilianza kudhibitiwa nchini Marekani katika miaka ya 1970 baada ya kuharibu kucha na ngozi, ingawa urahisi wa bei yake umekifanya kiendelee kuzunguka katika masoko ya dunia. Jeli nayo ikigusa ngozi kabla haijakauka, kama inavyotokea inapopakwa kwa haraka au taa inapokuwa dhaifu, inaweza kuufundisha mwili kuikataa. Mzio huo, yaani hali ya mwili kupambana na kitu kana kwamba ni adui, ukishaanza haumalizwi, na aliyeupata kwa ajili ya kucha anaweza kuukuta tena siku daktari wa meno atakapotaka kumziba jino kwa dawa ya jamii hiyo. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zimepiga marufuku katika vipodozi kemikali iitwayo TPO, iliyokuwa ikitumika kuifanya jeli igande chini ya taa, kwa wasiwasi kwamba inadhuru uzazi. Kwa nchi inayopokea bidhaa kutoka kila upande, habari kama hiyo si ya mbali, kwa kuwa kilichokataliwa katika soko moja hutafuta soko jingine.

Anayestahili kuhurumiwa kwanza hapa ni mpaka rangi mwenyewe. Mteja hukutana na mvuke wa kemikali hizo kwa nusu saa, lakini kijana au dada wa saluni huuvuta kutwa nzima, pamoja na vumbi la msasa, mara nyingi katika chumba kisicho na dirisha kwenye ghorofa za madukani, na kwa mikono isiyo na glavu. Yanayosemwa juu yake mimbarini huhusu zaidi kumshika mkono mwanamke asiye maharimu, jambo ambalo katika madhehebu ya Shafii lina hukumu iliyo wazi, kwa kuwa haiwezekani kuupaka ukucha bila kukishika kidole. Hukumu hiyo isemwe. Lakini wachache husema kwamba naye ana nafsi ambayo sheria imekuja kuilinda, na kwamba anayemwajiri katika chumba kisicho na hewa anamdhuru kwa maana kamili ya ile kanuni.

Hina pia haisalimiki kwa jina lake. Hina halisi huwa na rangi ya machungwa inayoelekea kuwa kahawia, na huhitaji saa nyingi kukolea, kwa hiyo wanaotaka weusi wa haraka hutumia piko, na piko linalouzwa siku hizi mara nyingi hutegemea kemikali ya kupaka nywele iitwayo parafenilinidiamini, ambayo huweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu au mzio wa maisha. Bibi harusi anayekwepa rangi ya kichupa kwa ajili ya udhu akachukua piko atakuwa ameokoa maji na kuiponza ngozi.

Madaktari wana sababu nyingine ya kutaka kucha zionekane. Ukucha ni dirisha ambalo kupitia kwake upungufu wa damu, upungufu wa oksijeni na baadhi ya maradhi ya ndani hujitokeza, na ndiyo maana mgonjwa anayepelekwa kwenye upasuaji huambiwa afute rangi. Watu weusi wengi wana mistari myeusi kwenye kucha isiyo na madhara, lakini mstari mmoja unaopanuka au kuingia kwenye ngozi unaweza kuwa saratani, na kwa watu weusi saratani hatari ya ngozi hupenda kutokea viganjani, kwenye nyayo na chini ya kucha. Saratani iliyomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981 ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Ukucha usiopata hata wiki moja ya kuwa wazi humnyima mwenye nao nafasi ya kuliona jambo hilo mapema.

Mamlaka za nchi ziliwahi kuligusa suala la kucha za bandia mwezi Septemba 2018, pale Spika Job Ndugai alipowazuia wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia katika ukumbi wa Bunge jijini Dodoma, baada ya Naibu Waziri wa Afya, Dkt. Faustine Ndugulile, kuyaeleza Bungeni madhara yake. Nia ya kulinda afya ilikuwa njema, lakini amri iliishia mlangoni mwa ukumbi. Ilimgusa mvaaji, ambaye ndiye mwathirika, na haikumgusa aliyeingiza kopo lisilo na maandishi. Mafundisho ya dini yangeipeleka amri hiyo mahali pengine. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu, akamkemea mwenye nafaka kwa kuuficha unyevu chini na kuonyesha kilicho kikavu juu. Dhambi iliyotajwa pale ni ya muuzaji, na ukaguzi ulifanywa kwa mkono, ndani ya bidhaa. Shirika la Viwango Tanzania, lililokabidhiwa udhibiti wa vipodozi tangu Julai 2019, linafanya kazi inayofanana na mkono ule, na muumini mwenye duka Mtaa wa Kongo asiungoje mkono huo ufike. Kopo asilojua kilichomo ndani yake halina sababu ya kukaa kwenye rafu yake.

Wapo pia wanaokutana na kucha hizi mwisho kabisa. Wanawake wanaoosha maiti hulazimika kukiondoa chochote kinachoyazuia maji, kwa kuwa josho la maiti nalo sharti lake ni maji kufika mwilini, na kucha zilizogundishwa kwa gundi kali huwaweka katika mtihani: kuzing'oa ni kuudhuru mwili ambao heshima yake haipungui kwa kufa, na kuziacha ni kuliacha josho na pengo, jambo linaloruhusiwa pale tu kuondoa kunaposhindikana bila madhara. Binti mwenye afya hapangi kufa katika wiki ya jeli yake, lakini aya ya 4 ya Surat al-Qiyama haikuwekwa bure, nayo inawaambia wakanushaji kwamba Mungu ana uwezo wa kuzitengeneza upya hata ncha za vidole vyao.

Kwa mizani hiyo yote, rangi inayopakwa mara moja moja na kuondolewa kwa upole ni pambo halali kwa asiyedaiwa sala wakati huo. Hina safi ni pambo bora kwa anayedaiwa. Na kucha za jeli na za kubandika, kama zinavyowekwa na kutolewa Kariakoo leo, zinakusanya kizuizi cha ibada na madhara ya mwili kwa pamoja, na hazina udhuru unaozitetea. Bandeji juu ya ukucha uliong'oka sheria imeiruhusu ipanguswe kwa maji kwa sababu ya haja ya tiba. Pambo halina haja hiyo.

Yapo mambo yanayoweza kuanza kesho bila amri ya mtu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7, kwenye tone la damu lisiloonekana kwa macho, na watu wazima wengi nchini walizaliwa kabla chanjo yake haijaanza kutolewa kwa watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo kijiti na mkasi vinavyotoka kidole kimoja kwenda kingine vina uwezo wa kubeba zaidi ya uchafu. Vyombo vya chuma vioshwe kwanza kwa sabuni, kisha vichemshwe kwa dakika 20, au vilowekwe kwa dakika 10 katika dawa ya klorini ya Jik iliyochanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji ikiwa nguvu yake ni asilimia 3.5, halafu visuuzwe. Msasa usiooshika uwe wa mteja mwenyewe. Na kijingozi cha shina kisikatwe. Khatibu anayefundisha udhu siku ya Ijumaa na mchungaji anayefundisha hekalu siku ya Jumapili waongeze maneno hayo machache katika somo lao. Naye dada anayeketi kwenye stuli ya plastiki Mtaa wa Mchikichi, kabla hajanyoosha mkono, aulize mambo mawili na asione haya kuondoka akikosa jibu: kopo hili lina nini, na mkasi huu umetoka kwenye kidole cha nani.